Chanzo cha Pili

Rayén Quilodrán alikuwa ameapa kutomsahihisha tena mtu asiyemjua. Kiapo kilivunjika asubuhi moja ya Mei, ndani ya treni ya chini ya ardhi iliyosheheni watu kati ya Baquedano na Los Leones. Alikuwa amebanwa karibu na mlango, amevaa koti lake la rangi ya haradali. Mbele yake alikaa mwanamume wa ovaroli ya buluu, jarida amelilaza juu ya sanduku la vifaa, anajaza chemshabongo kwa kalamu ya wino. Kwa wino, kama mtu asiyewahi kukosea.

"Si papa," Rayén alisema.

Mwanamume aliinua kichwa. "Unasema na mimi, dada?"

"Namba tisa mlalo. 'Wa baharini, mwenye mioyo mitatu na damu ya buluu.' Umeandika papa, na kisanduku kimoja kimebaki kitupu."

"Nimekiona. Nikadhani wamekosea wao. Huyu anayetunga haya mambo, nakuapia, hajawahi kuiona bahari."

"Ni pweza."

"Pweza!" Alicheka hadi bibi wa jirani akageuka. "Mimi nimezaliwa kisiwani Chiloé. Nimepasua samaki tangu nina miaka sita. Mioyo mitatu ningeiona."

"Basi hukuangalia vizuri. Na mmoja husimama anapoogelea. Ndiyo maana anapenda kutambaa."

"Wewe umeyajulia wapi yote hayo?"

"Mimi ndiye nisiyewahi kuiona bahari," Rayén alisema. "Ninayetunga."

Mwanamume alifunga kalamu yake taratibu. Alikuwa na nyusi nzito na mafuta ya mashine kwenye kucha. "Gaspar Oyarzún," alisema, "fundi wa lifti. Na wangu umesimama, dada, wala siogelei."

Rayén alipitiliza vituo viwili.

Wiki zilizofuata zilikuwa za simu. Gaspar alipiga kutoka kwenye majengo marefu ya jiji, sauti yake ikirudi mwangwi kama mtu aliye kisimani.

"Niko ghorofa ya kumi na nne, nimekaa juu ya lifti. Nipe kimoja, mpenzi, nichangamke."

"Sayari ambayo siku yake ni ndefu kuliko mwaka wake."

"Hiyo si sayari. Hiyo ni Jumatatu."

"Zuhura, mjinga wangu."

"Rudia."

"Zuhura."

"Hapana, hilo la pili. Linanipendeza zaidi."

Ofisi ya jarida ilikuwa ghorofa ya tatu, vyumba viwili vyenye harufu ya karatasi na kahawa, chini ya mhariri mmoja, Mzee Heriberto, aliyevaa tai hata siku za joto. Wasomaji wake walikuwa wastaafu wenye simu na muda mwingi. Kidokezo kikikosewa, waliipiga ile simu hadi ikapata moto. Kwa hiyo kazi ilikuwa na sheria moja. Kila jambo liliandikwa kwenye kadi. Chanzo cha kwanza kikipatikana, alama nyekundu. Chanzo cha pili kikikubaliana na cha kwanza, alama ya buluu. Kadi yenye nyekundu peke yake haikwenda mtamboni. Rayén alikuwa amefanya hivyo kwa miaka sita bila barua moja ya malalamiko. Kabla ya hapo aliwahi kumwamini mwanamume kwa miaka mitatu, kumbe ana mke na watoto Rancagua. Kadi zilimfaa kuliko wanaume.

Siku moja ya Jumapili mvua ilikuwa imekatika, nao walikuwa wamekaa katika bustani ya Quinta Normal wakila sopaipilla, maandazi bapa ya moto yaliyopakwa pilipili. Gaspar alivaa sweta nene ya sufu ya kijivu, mikono yake imesuguliwa hadi imetakata.

"Umewahi kuoa?" Rayén alimuuliza.

"Niliwahi. Aliitwa Edith." Alitazama miti. "Alifariki Castro, Chiloé. Mwezi ujao itatimia miaka minne."

"Pole, mpenzi."

"Asante."

Hakuongeza neno. Ilipofika saa kumi na mbili simu yake ikalia, akainuka na kusogea pembeni, kama alivyofanya kila Jumapili saa hiyo hiyo. Upepo ulimletea Rayén maneno machache: "Ndiyo, mama. Nimevaa sweta. Ndiyo, ile ile. Hapana, sijakusahau."

Rayén aliacha kutafuna. Gaspar alikuwa amemwambia kwamba mama yake alikufa yeye akiwa mtoto wa miaka tisa.

Usiku ule hakupata usingizi: kama mama aliyekufa anapiga simu, mke aliyekufa je? Jumatatu mkono wake ulifanya ulichozoea kufanya. Alichukua kadi, akaandika: Edith, mke wa Gaspar Oyarzún, amefariki. Akaweka alama nyekundu. Kisha akatafuta namba ya ofisi ya kanisa kule Castro.

"Habari za asubuhi," alisema kwa sauti yake ya kazini, akataja jina la jarida. "Nathibitisha jambo dogo tu." Akalitaja.

"Ah, Edith wetu," karani akasema. "Subiri, mama yake mzazi yuko hapa hapa anapanga maua. Mama Domitila! Simu yako!"

"Hapana, usimwite, tafadhali..."

Lakini pumzi nyingine ilikwisha kufika kwenye simu. Pumzi ya mtu mzima.

"Nani anauliza kama mwanangu amekufa?"

Rayén angeweza kukata simu. Angeweza kusema ukweli. Kwa hofu, yakamtoka yale aliyoyasema maelfu ya mara: "Nathibitisha tu, mama."

Mkasi wa maua ulisikika ukiwekwa chini.

"Amekufa, binti. Tarehe kumi na tisa Julai. Nilimvisha soksi mimi mwenyewe."

Gaspar alipiga mchana. Safari hii sauti haikuwa na mwangwi. Alikuwa barabarani, na alikuwa amesimama.

"Niambie si wewe."

"Ni mimi."

"Jina la jarida Mama Domitila alilikamata pale pale. Analijaza kila wiki. Yeye ndiye aliyenifundisha kulijaza. Kwa nini hukuniuliza mimi?"

"Nilikuuliza."

"Nami nikakujibu. Kilibaki nini?"

"Ulisema mama yako alikufa, kisha nikakusikia ukiongea na mama. Gaspar, niliogopa. Nimewahi kudanganywa, nawe unajua..."

"Mama ni Domitila. Edith alikuwa mtoto wake wa pekee. Ulitaka niache kumwita mama kwa sababu mke amekufa? Ungesema, 'Gaspar, yule ni nani?' Maneno manne, Rayén."

Simu ikakatika.

Rayén alipiga mara tatu jioni ile. Alipiga kesho yake. Siku ya nne aliacha kupiga, akaanza kusikiliza. Kila lifti iliyokwama mtaani ilimshtua. Siku ya saba lifti ya ofisini kwao ilikwama, naye alisimama kwenye ngazi na rangi ya mdomo mbichi hadi fundi alipotokea: kijeba mmoja mwenye masharubu.

"Gaspar yuko wapi?" alimuuliza.

"Ameomba apangiwe upande mwingine wa jiji, dada. Kwani lifti hii ni yake?"

Mzee Heriberto alikuwa ameona yote kupitia mlango ulio wazi. Alimletea kahawa, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mtu.

"Sheria yako imeniharibia maisha, mzee," Rayén alisema, machozi yakidondokea kadi.

"Sheria yangu ni ya mito na sayari, binti. Nani alikwambia uende nayo nyumbani?"

Alikaa na maneno hayo siku nne zaidi. Siku ya kumi na moja alipiga tena Castro, akamwomba karani namba ya Mama Domitila. Akaipiga papo hapo.

"Mama, shikamoo. Naitwa Rayén Quilodrán. Mimi ndiye niliyekupigia siku ile. Hakuna jarida lililonituma. Nilikuwa namchunguza Gaspar, nikakuumiza wewe. Sina sababu nzuri ya kukupa. Naomba radhi."

"Unampenda?"

"Ndiyo."

"Na unaogopa."

"Sana, mama."

"Nami bado nimekasirika," Domitila alisema. "Sitakudanganya. Tarehe kumi na tisa kuna misa yake. Radhi ya simu siitaki. Njoo uniombe nikikuona uso."

Rayén alimwandikia Gaspar: "Mama Domitila ameniita kwenye misa. Ukisema nisiende, siendi." Aliweka simu mezani, akaigeuza kifudifudi, akaigeuza tena. Alifua mashuka yaliyokuwa safi. Baada ya saa mbili simu ikalia.

"Nimeshaongea naye," Gaspar alisema bila salamu. "Basi linaondoka saa tisa alasiri, siku moja kabla. Njia ni ndefu. Vaa soksi nzito."

"Umenisamehe?"

"Nimesema vaa soksi."

Walikaa viti jirani alasiri yote na usiku mzima, wakigawana mkate wenye parachichi na maneno yasiyozidi kumi. Rayén alikuwa na maswali hamsini, akayazuia yote. Waliingia Castro asubuhi mvua ikinyesha, wakaenda moja kwa moja kanisani, wakakaa benchi la nyuma. Misa ilipokwisha, Domitila aliwapita bila kusimama na kuwaambia wamfuate.

Nyumba ilikuwa ya mbao, imepakwa rangi ya manjano, na jiko la kuni linanguruma. Domitila alivua kitambaa cha kichwa. Alikuwa mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyebeba viazi maisha yake yote.

"Wewe ndiye wa simu."

"Ndimi, mama. Nimekuja kukuomba..."

"Kaa kwanza. Hakuna anayeomba radhi na tumbo tupu katika nyumba hii."

Walikula viazi na nyama ya moshi. Rayén aliomba radhi, kwa ufupi, akimtazama machoni. Domitila aliitikia kwa kichwa mara moja, akaendelea kutafuna.

"Unalo swali," Domitila alisema. "Linakuvimba usoni. Litoe."

Gaspar aliweka uma chini. Rayén alisogeza sahani yake pembeni.

"Edith," alisema, "alikuwa anacheka vipi?"

Mikono ya Domitila ilitulia mezani. Kwa muda Rayén alidhani ameharibu tena, na safari hii hakutakuwa na basi la kurudia. Kisha bibi akamgeukia mkwewe.

"Mwonyeshe."

"Mama, hapana."

"Mwonyeshe, nimesema."

Gaspar aliinua mabega hadi masikioni, akafumba macho, akatoa kicheko chembamba cha kupanda, kama bata bukini anayekimbizwa. Kilikuwa kicheko kibaya mno. Domitila alijaribu kukaza uso, akashindwa, akacheka huku machozi yakimtoka.

"Hukukifikisha," alisema, akijifuta kwa kitambaa cha meza. "Mwishoni alikuwa anakohoa. Hivi." Akaonyesha.

"Mara mbili, mama," Gaspar alisema. "Alikohoa mara mbili."

"Tatu! Unamfundisha nani?"

Walibishana hivyo, mmoja akicheka na mwingine akikohoa, Rayén akiwasikiliza bila kuandika chochote. Chini ya meza mkono wa Gaspar wenye sugu za kazi ulimtafuta, ukampata, ukakaa.