Dakika Sita za Anselmo

Kiti kilikuwa na joto. Mashauri alikigusa kwa bahati tu, akipita kwenda mezani kwake saa mbili asubuhi, kabla mtu mwingine hajafika ofisini. Nje kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Aliuvuta mkono haraka akaufuta kwenye suruali, maana kiti kile hakikuwa kimekaliwa na mtu tangu mwezi wa kumi. Kilikuwa cha Anselmo.

Tuseme ukweli mapema, kwa kuwa Mashauri mwenyewe hakuusema. Yeye na Anselmo walikuwa watu wa Bukavu, Kongo, wote wakiishi kitongoji cha Rissne, na katika ofisi ile nzima, katikati ya Stockholm, ni wao wawili tu waliojua Kiswahili. Kampuni yao haikuwa na wateja. Ilinunua na kuuza hisa kwa fedha zake yenyewe, kutwa nzima, na kila mtu alikuwa na skrini sita mbele yake, na kwenye kona ya skrini mojawapo ilionekana faida au hasara yake ya siku, kijani au nyekundu. Bosi akipita nyuma yako hakukutazama uso, alitazama kona. Watu walikula mezani, walijizuia kwenda msalani, na ulipofika wakati wa soko kufungwa ulitakiwa uwe umekwisha kuuza kila ulichonunua.

Siku moja ya Oktoba 2009 simu ilitoka shule ya chekechea: Aurore, binti wa Anselmo, alikuwa na homa. Simu hazikuruhusiwa mezani, kwa hiyo Anselmo alitoka kwenda kuongea kwenye korido. "Ndugu, uniangalizie," alisema. Kugusa kompyuta ya mwenzako kulikatazwa kabisa, lakini ndugu ni ndugu. Anselmo alikaa huko dakika sita. Bei zikaanza kuporomoka, Mashauri akakalia kiti cha mwenzake ili amwokoe, akataka kuuza, akabonyeza kununua. Kwa pupa akabonyeza tena, akanunua mara ya pili, na kona ya Anselmo ikajaa nyekundu. Kisha akafanya jambo ambalo hadi leo likimjia akilini akiwa kwenye treni huvuta kofia hadi puani: aliinuka, akarudi kwenye kiti chake, akashika kalamu.

"Uliigusa kompyuta yangu?" Anselmo alimwuliza, macho yamemtoka.

"Hapana, ndugu."

Bosi wao, Msweden aitwaye Joakim, alipouliza, Mashauri alisema kwamba Anselmo alikuwa na mawazo mengi siku hiyo. Anselmo alifukuzwa kazi kabla giza halijaingia.

Na jioni moja ya Februari, jioni ya kuamkia asubuhi ile ya kiti chenye joto, Dorothée, mke wa Anselmo, alisimama mlangoni kwa Mashauri bila kuvua koti.

"Shemeji, uniambie kweli. Bwana yangu anaapa hakubonyeza kitu. Watu banasema alicheza kamari na pesa ya kazi. Kama anaendelea kunidanganya, miye nitabeba mtoto, niende kwa dada yangu Göteborg. Ni yeye?"

Neno moja tu lingeiponya nyumba ile. Mashauri alilitafuta, akaiona akilini kona yake ya kijani kazini, akaona mkeka wa mlango, akaona haya kumtazama mama wa watu machoni.

"Ni yeye," alisema.

"Merci, shemeji. Angalau wewe hauna uongo." Shukrani hiyo ilimchoma kuliko tusi.

Ndiyo maana kiti kilipokuwa na joto, hakumwambia mtu. Kesho yake ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya sombe, yale majani ya muhogo, na samaki mkavu, chakula alichokuwa akikipasha Anselmo kwenye jiko la ofisi huku Wasweden wakifungua madirisha. Joakim alinusa huku na huku, kisha akainua kikombe kilichokuwa kimeachwa mezani.

"Kikombe cha nani hiki?"

Kilikuwa cha Mashauri. Alifungua mdomo kusema hivyo.

"Cha Anselmo," mdomo ulisema, kwa sauti nzito yenye mikwaruzo ambayo haikuwa yake, na vijana wa ofisini waliokuwa wakicheka wakageuka mmoja baada ya mwingine.

Majira yale giza huingia mapema, watu wakiwa bado kazini. Siku ya nne, madirisha yalipogeuka meusi, Mashauri alisikia kitufe kikibonyezwa kwenye meza iliyo tupu, tak, kisha tena, tak, mara mbili kama alivyobonyeza yeye, na hakutaka kugeuka, akatazama kioo cha dirisha badala yake, na humo akakiona kitu kimekaa kwenye kiti cha Anselmo, kimevaa koti la Anselmo, mabega ya Anselmo, ila pale penye uso hapakuwa na macho wala pua, palikuwa na mdomo tu, na mdomo ule aliujua kwa jino lake lililovunjika, kwa sababu ni huo huo anaoupigia mswaki kila asubuhi, nao ulikuwa ukitembea taratibu ukinong'ona, "Hapana, ndugu. Hapana, ndugu. Hapana, ndugu."

Bibi yake angekiita jini bila kusita. Mashauri alimpigia simu Mama Hortense, mwanamke anayehudumia wazee siku za kazi na kuombea watu Jumamosi katika ukumbi wa chini ya ghorofa huko Hallunda.

"Hapa hatutoi pepo ya mtu mwenye anaficha," Mama Hortense alimwambia. "Utasema kosa yako na kinywa yako, mbele ya ule mwenye ulikosea."

"Nitasema, mama. Muwaite Dorothée na bwana yake."

Na alikusudia kweli, hilo tusimnyime. Njiani alirudia maneno yale vituo vyote, hadi mzungu mmoja akahama kiti.

Dorothée alikuja bila mumewe, na mabegi mawili na mtoto, kwa maana basi la Göteborg lilikuwa la jioni ile. Watu kama ishirini walisimama wakiomba kwa sauti ya chini. Mashauri akapiga magoti.

"Dorothée," alianza, jasho likimtiririka, "siku ile, aliyebonyeza... aliyebonyeza ni..."

Alisukuma neno "mimi" kwa nguvu zake zote, hadi machozi yakamtoka.

"Anselmo," ilisema ile sauti nzito.

Ukumbi ulilipuka. Kwao pepo akiulizwa hujitaja jina, na akishajitaja ameshindwa. "Imejitaja!" walipiga kelele. "Ni ule bwana njo alimutumia pepo!" Wakamwekea mikono kichwani, wakakemea, "Anselmo, toka! Anselmo, toka!" na Mashauri, aliyekuwa akitikisa kichwa kukataa, akaonekana ni pepo anayepambana, na kadiri alivyotikisa ndivyo walivyozidi kukemea. Dorothée aliziba masikio ya Aurore, akabeba mabegi, akapanda ngazi.

Alipishana na mumewe mlangoni bila kumwangalia. Anselmo alikuwa amekuja mbio, amekonda, shati halijapigwa pasi, na watu wakampisha kwa hofu. Alimfuata mke wake kwa macho hadi mlango ukajifunga. Kisha akashuka, akapiga magoti mbele ya Mashauri.

"Ndugu, unisamehe kwa kukushuku," alinong'ona. "Nimewaza mpaka nimechoka. Wewe ulikuwa pale, na haujawahi kunidanganya. Kama unasema ni miye, basi ni miye njo nilibonyeza. Pengine kichwa yangu iko mugonjwa."

Mashauri alimshika mabega. Alifungua mdomo, akausukuma ukweli kutoka tumboni, kila kitu, kiti na dakika sita na kalamu.

"Nimekusamehe," mdomo ulisema, na watu wakapiga makofi.