Choo cha Babu Sadoki

Kila asubuhi Loisi alipita bustanini, chini ya mibuni, akang'oa karoti, akaifuta kwenye sketi na kuitafuna njiani kwenda shule. Siku moja aliona karoti mbili, akashika udongo mtupu. Iliyokuwepo ilikuwa moja.

Darasani mwalimu Raphaeli alikasirika. "Loisi, unanikata jicho mimi?"

"Hapana, mwalimu. Nakuona uko wawili."

Wenzake wakacheka. Wiki hiyohiyo kope lake la kushoto likashuka, jicho likagoma kugeuka, na hakuna aliyecheka tena.

Mama yake, Marita, alimpakia kwenye bodaboda hadi Mlowo wapande basi la Mbeya. Babu Sadoki, baba mkwe wa Marita, alifuata kwa bodaboda yake. Hospitalini alikaa benchi la mbali, kama adabu ya mkwe na mkamwana inavyotaka.

Baada ya vipimo, daktari aliwaita wote. "Watoto wa tegu wamejichimbia kwenye shina la ubongo, panapoongozwa macho. Tegu ni mnyoo wa nyama ya nguruwe."

"Lakini Loisi hali kitimoto!" Marita alisema.

"Hakula nyama. Amekula mayai ya tegu, na hayo hutoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye mnyoo huo. Nyumbani mna choo?"

"Kipo."

"Mnakitumia wote?"

Marita aliinamisha kichwa. Angemtajaje mkwe wake mbele ya watu? Babu akajibu mwenyewe: "Mimi huenda kwenye mibuni, daktari. Choo anaingia mkamwana wangu. Nitaingiaje humo?"

Babu alipimwa, akakutwa na tegu. Mzee yule alilia mbele ya mkamwana wake, aibu ambayo hakuwahi kuiwazia.

Loisi alilazwa muda mrefu, akimeza dawa chungu huku kichwa kikimgonga. Hatimaye akaacha kuona viwili viwili, ila kope halikupanda lote mpaka leo.

Waliporudi, Babu alichimba shimo la choo chake, akakataa kusaidiwa. Alipomaliza alimwita Loisi.

"Mjukuu wangu, osha unachokula, nawa mikono, na usiruhusu mtu wa nyumba yako ajisaidie porini, hata awe mkubwa kama mimi. Desturi yetu haikunikataza kuchimba choo cha pili. Ulikuwa uvivu wangu tu, nikauita heshima."