Kofia Kichwani mwa Mwengine

"Kahawa imemwagika," ilisema sauti ya ofisini kwenye Thuraya, simu ya setilaiti.

"Imemwagikia wapi?"

"Njia ya Nizwa. Mfuate mzungu. Usimwache."

Simu ikakatika. Harub akawasha Land Cruiser na kutoka mbio, vumbi la Samad Ash Shan likimfuata nyuma. Bastola yake, Browning, ilikuwa chini ya kiti. Chini ya gari la yule mzungu wa kambini, Patrol, alikwisha kubandika kidude cha sumaku kinachotuma ishara ofisini Maskati.

Kahawa ilikuwa bakuli. Kumwagika ni kuibiwa.

Lilikuwa bakuli la kioo, la buluu, kazi ya Warumi. Waakiolojia walilifukua katika kaburi la zamani hapo Samad, limewekwa karibu na kichwa cha mtu wa milimani aliyekufa zama hizo. Kioo cha Warumi kuonekana huko bara, mbali na bandari, kulikuwa kumewatoa usingizi wataalamu. Kilimtoa usingizi pia tajiri mmoja wa ng'ambo, aliyelitaka kwa kabati lake. Idara ya upelelezi ilinusa kwamba ndani ya kambi yupo atakayemuuzia. Harub akapachikwa ndevu za bandia, akawa muuza maji, akishusha maboksi ya maji ya Tanuf getini na kutazama nani anatoka na nini.

Aliyemtazama zaidi alikuwa mkewe.

Shukriya alikuwa fundi wa kuunga vioo vya kale kambini. Walikuwa wamegombana, naye akahamia kwa mama yake, Ibra. Sababu ilikuwa Daktari Muntasir, mkubwa wa uchimbaji. Kijana wa hapa hapa, wazee wake walirudi kutoka Bujumbura, lakini ujana wake wote aliumalizia Ulaya akisoma mitungi ya Wagiriki, bangili za kioo za wanawake wa Kikelti wa huko kale na mabakuli ya Warumi. Alikuwa na sauti ya taratibu na meno mazuri. Shukriya alicheka kwa maneno yake, na kicheko hicho kilimkaa Harub kooni.

"Umeolewa na mimi au na Warumi?" alimwuliza siku ile.

"Warumi hawaniulizi nilikuwa na nani," alijibu Shukriya, na akafunga mizigo yake.

Penye njia panda kulikuwa na kituo cha petroli. Patrol ya mzungu, mtaalamu wa Wakelti, ilikwisha kupinda kuelekea Nizwa. Harub aliwasha taa ya kupinda naye amfuate.

Hapo ndipo alipomwona Muntasir akitoka dukani na chupa ya soda, anaielekea Prado yake. Kichwani alivaa kofia.

Mguu wa Harub ukakanyaga breki. Kofia ile ilikuwa nyeupe kwa kahawia, vitundu vyake vimezungushiwa uzi kwa mkono, na kila ua lina jani moja fupi kuliko mengine. Katika Oman nzima mwanamke mmoja tu alikuwa akiacha jani fupi, maana hapo ndipo alipokuwa akifichia mwisho wa uzi. Mwanamke huyo, Shukriya, akimshonea mumewe tu. Kofia ya namna hiyo haiazimwi. Mwanamume aliyekulia hapa anajua hivyo tangu hajabaleghe, lakini Muntasir alikulia Ulaya, akadhani ni zawadi tu, akaivaa na kujishaua nayo.

Prado ikapinda kuelekea Ibra.

Harub alitazama njia ya Nizwa. Kisha akazima taa ya kupinda na kumfuata Muntasir.

Walipita Ibra. Wakapita Bidiya, vilima vya mchanga upande wa kulia. Thuraya ikalia. Alikuwa Humoud, mkubwa wake, mtu wa Unguja asiyejua kupunguza sauti.

"Harub, mashine yanionesha mzungu yuko Izki. Weye uko wapi?"

"Bidiya."

"Bidiya kuna nini, yakhi?"

"Nafuata harufu."

"Harufu ya nini?"

Angesemaje kwamba ni wivu?

"Mzungu akitoweka na lile bakuli, kazi huna," alisema Humoud. "Wasikia? Huna."

Alisikia. Aliendelea kukanyaga mafuta.

Alasiri Prado iliingia Sur, ikapita majumba na kuteremka kwenye mawe ya ukingo wa ghuba. Boti nyembamba ilikuwa ikingoja, injini mbili za Yamaha zikinguruma, nahodha hageuki. Muntasir alishuka na kikapu cha tende, kakikumbatia kama mtoto mchanga.

Harub aliziba njia kwa Land Cruiser, akaruka chini, Browning mkononi. Swali alilopaswa kuuliza lilikuwa jingine kabisa.

"Kofia hiyo kakupa nani?"

Muntasir alishangaa. Akamtazama vizuri muuza maji wake, na tabasamu likamjia polepole.

"Ah. Kumbe weye ndiye mume."

"Kakupa nani?"

"Kanipa mwenyewe, leo asubuhi. Kanambia itanipendeza."

Kidole cha Harub kilikaza. Lakini mikono ya Muntasir ilimwambia jambo ambalo wivu ulikuwa ukimficha. Mtu hashiki tende namna ile.

"Weka kikapu chini."

Tabasamu likafa. Muntasir alichomoa kutoka kwenye tende bakuli la buluu, akaliinua juu ya mawe kwa mikono miwili.

"Piga risasi, basi. Lilivuka bahari nzima lisivunjike. Uje umwambie mkeo nani kalivunja."

Harub akashusha bastola. Muntasir alianza kurudi kinyumenyume kuelekea boti, hatua kwa hatua, kichwa kimeinama atazame mawe.

Kofia ikateleza. Ikampita kipaji cha uso, ikamfunika macho.

Akaondoa mkono mmoja aisukume.

Harub aliruka. Walianguka pamoja, bega la Harub likagonga jiwe, lakini bakuli lilitua kifuani pake na akalikumbatia. Nahodha alipoona hivyo akaondoka mbio. Risasi mbili za Harub zikazinyamazisha Yamaha zote mbili, na boti ikabaki inaelea pale pale. Muntasir alitiwa pingu kwenye bampa la gari lake mwenyewe, kanzu yake ya dishdasha imejaa tende, na Harub akaita Idara kwa Thuraya.

Ndipo Harub alipoiokota kofia. Akaigeuza. Akaivaa.

Ilimkaa sawasawa.

Ilikuwa yake. Kabla ya ugomvi Shukriya alimpima kichwa kwa uzi ili amshonee, akicheka kwamba uzi hautoshi.

Nokia yake ya nyumbani ililia, namba ya mama mkwe. Ibra.

"Umeiona kofia?" aliuliza Shukriya.

"Nimeiona."

"Bakuli lililobaki kabatini kambini n'la uongo. Kioo cha zamani huambuka ngozi ya rangi rangi, hili wamelipaka. Muntasir kanishikia simu yangu, hatoki ubavuni pangu. Na weye n'lishakujua zamani na hizo ndevu zako, wateremsha maji."

"Kwa nini hukunong'oneza?"

"Ningekwambia lolote, ungeuliza kwa nini nilikuwa peke yangu naye. Nikaona bora nimvishe kitu utakachokiona hata kutoka maili moja. Ungemwacha shetani mwenyewe umfuate yeye."

Ilikuwa kweli, na ilimuuma Harub kuliko bega.

"Bakuli zima?" aliuliza Shukriya.

"Zima."

"Alhamdulillahi."

Swali likapanda. *Ulimvisha kwa mikono yako, au alijivalia?* Lilifika mpaka kwenye ulimi. Upande wa pili Shukriya naye alinyamaza, na Harub akajua kwamba analingoja.

Akalimeza.

"Haya," alisema Shukriya, na sauti yake ilikuwa imelainika. "Njoo ule. Na hiyo kofia usiivae, ina mafuta ya mwengine. Niletee niifue."

Magharibi gari za Idara ziliteremka kutoka mjini na habari kwamba mzungu kapekuliwa Izki, hana kitu. Harub alimkabidhi Humoud mtu wake na funguo za Prado, akalifunga bakuli kwa kilemba chake cha masari kilichobaki garini, limrudie fundi wake, akalilaza kwenye kiti cha mbele na kulifunga mkanda. Kofia akaitia mfukoni. Kisha, kichwa wazi, akaondoka kuelekea Ibra, polepole.