Sahani Zilizonuka Samaki

"Dada, sogeza hilo shombo lako! Hapa nauza vyombo vya watu wasafi!"

Nusu ya soko la Babati iligeuka. Aliyesema ni Yoakimu, kijana wa Dareda mwenye suruali ya pekosi. Aliyeambiwa ni Kandida, mkaanga samaki wa ziwani. Gauni lake la maua lilikuwa limefuliwa kwa majivu, maana mwaka ule sabuni ilisikika tu redioni.

"Vyombo gani? Plastiki hizo?"

"Plastiki? Hii melamini, mrembo! Haivunjiki, hata motoni inakaa." Akaibwaga sahani chini. Ikadunda, ikabaki nzima.

"Kama mwenyewe," Kandida akacheka. "Umeangushwa na bado unaringa."

Akanunua nne. Kesho yake Yoakimu akaja kula samaki, na keshokutwa pia. Mvua zilipoisha, alikuwa ameshaamua kumuoa. Tatizo lilikuwa shangazi Philomena, aliyemlea.

"Mpenzi, kwa wazee wetu wa milimani samaki na nyoka ni ndugu. Shangazi akisikia shombo tu, anatapika. Akija kukuona, nyumba isinuke."

"Nitapika kuku. Na sahani zako hazijaguswa bado. Tulia, baba watoto."

Shangazi alifika na Yoakimu nyumbani kwa Kandida, mtaa wa Maisaka, kitambaa cheupe kichwani, pua ikitangulia. Akanusa mapazia, akanusa viti, akaridhika. Kisha akaanza kuombea chakula, na sala yake ilikuwa ndefu. Kandida, akiogopa kuku asipoe, aliitegesha sahani ya melamini yenye kuku juu ya jiko la mkaa.

Sahani ikatoka malengelenge ya kahawia. Kisha ikanuka. Ilinuka samaki aliyeozea juani, kisha paka akamkojolea. Harufu ilinata kooni, ikaingia kwenye mchuzi, ikakaa kwenye ulimi.

Shangazi alikatiza sala, akatema mate mpaka kizingitini. "Ptuu! Samaki! Anatulisha kwenye vyombo vya samaki!"

Yoakimu alikuwa ameziba pua. "Kandida, uliweka samaki humo?"

"Hata wewe?" Machozi yalimlenga. "Haya, nendeni. Ila ukifika kwenu, chukua sahani mpya guniani mwako, uiweke kwenye mkaa mbele ya shangazi. Isiponuka, usirudi."

Jioni ile, uani Dareda, Yoakimu aliichagua sahani nzuri kuliko zote, yenye ua jekundu, akaiweka kwenye makaa.

Shangazi alitoka mbio, kanga puani, machozi yakimtiririka. "Toa uchafu huo! Nani kaleta samaki kwangu?"

"Hakuna samaki, shangazi. Sahani yenyewe ndiyo inayonuka ikiungua. Na mimi ndiye niliyemwambia inakaa motoni."

Shangazi alikohoa, akamtazama kwa kinyaa zaidi kuliko alivyoitazama sahani.

Jumapili, baada ya ibada, Kandida alifungua mlango. Shangazi alikuwa na kikapu cha sahani za bati. Nyuma yake Yoakimu, kichwa chini.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mlaghai wako huyu hapa."

"Nisamehe, Kandida. Nilikunusa badala ya kukuamini. Utakubali nikuoe?"

"Na shombo langu?"

"Na shombo lako."

"Basi utaparua samaki mwenyewe kila Jumamosi. Nimekubali."

Pembeni ya jiko kilikuwepo kikaango cha samaki, kimesuguliwa kwa majivu. Shangazi alikiona. Akainua kanga puani, kisha akaishusha. Akavuta kigoda, akakaa.

"Leteni kuku," alisema. "Kwenye bati. Na leo sala itakuwa fupi."