Mchumba wa Kocha Sukari

"Simu."

"Namjibu mzazi tu, kauliza mazoezi yanaanza saa ngapi."

"Nimesema simu."

Nikampa. Tulikuwa stoo ya vifaa, mchumba wangu akijaza upepo mipira midogo ya watoto, mimi nikipanga koni. Aliitumbukiza mfukoni mwake, akanishika mkono kwa juu, upande wa ndani, akafinya na kusokota.

"Jana ulicheka na baba yake Bonge. Kilikuchekesha nini?"

"Alisema mwanawe amelala na viatu vya mpira."

"Mbona mimi sijacheka?"

Mlango ukagongwa. Alikuwa mama yake Pengo, kamshika mkono binti yake asiye na meno ya mbele.

"Kocha Sukari! Tumechelewa, utusamehe."

Vidole vikaniachia. Sura ilibadilika papo hapo, ungedhani kaingia mtu mwingine kupitia dirishani. Alipiga goti, akamfunga Pengo kamba za viatu.

"Bingwa wangu, leo tunakokota mpira kwa mguu wa kushoto, sawa?"

"Una bahati wewe," mama yake Pengo akaniambia. "Mwanaume mpole hivi! Wangu hata soksi za mtoto hajui zinakaa wapi."

Nikatabasamu. Ningefanya nini? Hao akina mama ndio waliompachika jina la Sukari. Hajawahi kumfokea mtoto hata siku moja. Mtoto akianguka anamfuta vumbi, akikosa goli anampigia makofi. Na ubaya ni kwamba mimi mwenyewe nilimpendea hilo. Nilimwona anavyowabembeleza nikasema, huyu ndiye. Sasa nikisimama kiwanjani niseme ananitesa, nitakayepelekwa kupimwa akili ni mimi.

Jioni alinirudishia simu, nikampigia mama.

"Mama, naomba hii harusi tuisogeze mbele."

"Iende wapi? Kadi hizi hapa mkononi, naandika majina ya wageni. Kakufanya nini?"

"Ananibana sana."

"Anakupiga?"

Kufinywa nako ni kupigwa? Mtu mzima, mwenye kazi yangu, nafinywa kama mtoto aliyedokoa nyama. Niliona aibu hata kulitamka.

"Hapana, mama."

"Analewa? Ana wanawake?"

"Hapana."

"Basi unataka nini, malaika mwenye mabawa? Vumilia, mwanangu. Mvumilivu hula mbivu. Kesho nakuja kuwaona mkifundisha."

Sijaweka simu chini, ujumbe ukaingia: "Simu yako ilikuwa inatumika muda mrefu. Mlikuwa mnamjadili nani?"

Nikajibu: "Mama anakuja kesho."

"Vizuri. Vaa mikono mirefu, kipenzi."

Nililia mpaka kichwa kikauma. Mlango wa chumba changu ulikuwa wazi na sikuwa na pa kwenda.

Sasa niseme kitu kuhusu kazi yetu. Mtoto wa miaka sita humfundishi mpira kwa maneno. Ukimwambia uweke karibu na mguu, atakuuliza mguu upi. Unamwonyesha, naye anaiga. Ukijikuna pua, kundi zima litajikuna pua. Kocha Sukari alikuwa akituhubiria hilo wasaidizi wake kila siku: watoto wanatutazama hata tusipowafundisha.

Kesho yake simu yangu ilikuwa tena mfukoni mwake, na wazazi walijaa kwenye mabenchi. Mama alikaa karibu na Kocha Sukari wakati wa mapumziko ya maji, anacheka, anamwita mwanangu. Watoto walikuwa mbele yao. Pengo aliokota filimbi juu ya mfuko wa mipira, akaivaa shingoni. Bonge akasimama mbele yake, kichwa kainamisha.

"Simu!" Pengo akasema kwa sauti nzito.

"Namjibu mzazi tu," Bonge akajibu.

Wazazi wakacheka. Mimi nikavuta mkono wa shati chini.

"Nimesema simu! Nani kakuruhusu kucheka?"

"Nisamehe."

"Nani?"

"Nisamehe, mpenzi."

Pengo akamshika Bonge mkono kwa juu, upande wa ndani, akajifanya anafinya na kusokota. Kisha akageukia wazazi, akatoa tabasamu pana lenye pengo: "Karibuni, karibuni, mabingwa wangu!"

Hakuna aliyecheka tena.

"Mwanangu," mama yake Pengo akauliza polepole, "huo mchezo gani?"

"Kocha na Kocha Dada. Wa stoo."

"Nani kawafundisha?"

"Hakuna. Tunaonaga dirishani."

Kocha Sukari akacheka peke yake. "Watoto bwana, wana vituko!" Akanitazama. "Waambie, kipenzi. Si huwa tunataniana tu?"

Kiwanja kizima kilinigeukia. Alikuwa ameniachia njia, na mimi niliizoea njia hiyo. Neno moja tu, "ndiyo", kisha tungerudi kwenye koni, na baadaye stoo, na baada ya harusi nyumba yenye stoo ndani.

"Hatutaniani," nikasema. "Nipe simu yangu."

"Tutaongea baadaye."

"Nipe simu yangu, na harusi haipo."

Baba yake Bonge alisimama. Kocha Sukari akatoa simu, akaidondosha majanini, akaondoka kuelekea getini bila kumuaga mtoto hata mmoja.

Mama alikuja, akapandisha mkono wa shati langu. Aliangalia yale madoa, ya zamani na mapya, mdomo ukamcheza.

"Nilikuuliza kama anakupiga."

"Uliniuliza ukiwa na kadi mkononi, mama."

Akaniteremshia shati taratibu, akafuta macho kwa kiganja. "Leo unalala kwangu. Kadi nitazichoma mwenyewe, na atakayeuliza nitamjibu mimi."

Nikasikia kitu kinavuta bukta yangu. Pengo alikuwa keshavua filimbi, kaificha nyuma, machozi yanamlenga. Bonge yuko pembeni yake.

"Kocha, tumekosea?"

Nikapiga goti.

"Hamjakosea. Ila ule mchezo hatuuchezi tena."

Bonge akanikazia macho.

"Hata wewe?"

"Hata mimi."