Biti ya Ukuta

Kitu cha kwanza alichokiona Agripina ni zile ncha za drili. Zilikuwa zimeungua mpaka zikawa za buluu, kama kisu kilichosahauliwa motoni. Kijana aliyezileta alizilaza juu ya kaunta, ng'ambo ya wavu wa chuma, polepole kama mtu anayelaza wagonjwa.

"Dada, biti zangu zimekufa zote."

"Ulitobolea nini?" Agripina aliuliza kwa sauti ndogo, macho yakiwa chini.

"Ukuta."

"Hizi ni za mbao, fundi."

"Hata mimi ni wa mbao, seremala. Huo ukuta umetuonea tu."

Agripina akacheka, kisha akaziba mdomo kwa ncha ya kitenge chake cha maua ya njano yaliyofifia. Kijana alikuwa na unga wa mbao kwenye nyusi, na drili ya betri ikining'inia kiunoni. Akaonyesha kidole boksi kubwa linalong'aa rafuni.

"Nipe ile seti, yenye kila kitu."

"Usichukue. Nusu yake hutaigusa mpaka uzeeke." Akamchagulia moja moja. "Hii ya ukuta, kichwa chake kipana kama cha nyoka. Ya chuma hii. Ya mbao ina kisindano katikati. Na vichwa vya skrubu chukua vya nyota, hivi vigumu. Vile laini vinateleza, vinakula skrubu."

"Nani alikufundisha?"

"Wateja. Wao wananung'unika, mimi nasikiliza."

"Naitwa Emilian."

Jina akalisikia, lakini hakulitamka. "Karibu tena, fundi."

Duka lilikuwa la shemeji yake, Raymond, karibu na soko la Singida Mjini. Agripina aliacha shule kijijini Issuna akiwa darasa la tano, akaja kumsaidia dada yake Loyce, mke wa Raymond, kwa muda tu. Muda ukaota mizizi, akawa mtu mzima humo humo. Raymond akitoka kufuata mzigo, alifunga mlango wa wavu kwa kufuli upande wa nje. "Mjini wezi wengi," alisema, na Agripina alibaki ndani kama kuku wa kuuzwa, akiwatazama watu wakipita.

Simu ya duka ikaanza kuita.

"Haloo, dukani? Naulizia biti namba sita."

"Si ulinunua juzi, fundi?"

"Inalia. Inasema ina upweke."

"Iweke pamoja na namba nane."

"Namba nane naye amenikumbuka?"

"Namba nane ana kazi nyingi," alijibu, na huku uso unamwaka moto.

Raymond alivisikia vile vicheko. Akaichukua simu, akaitia mfukoni. Jumamosi alikaa dukani mwenyewe, na Agripina akaambiwa apumzike stoo ya nyuma, alikolala, dirisha la mbao likiwa limefungwa. Mchana akasikia drili inanguruma nje. Vumbi la tofali likamwagika kitandani, na ukutani ikachungulia ncha pana kama kichwa cha nyoka. Akaijua. Aliichagua kwa mkono wake.

"Bosi, humu ndani kuna nini?" Ilikuwa sauti ya Emilian.

"Mzigo."

"Basi huu wavu wa dirisha tuukaze sawasawa."

Akafungua mdomo aite. Akakumbuka Raymond yuko hapo hapo, akaufunga. Nje, Emilian alikaza skrubu huku akipiga mluzi, na kila mluzi ulimchoma Agripina. Neno moja tu la Raymond, akaamini; kumbe na yeye ni wa upande wake.

Jumatatu Raymond alipotoka na kufunga kufuli lake, Emilian akatokea na shati lililopigwa pasi.

"Namba nane! Mbona simu inapokelewa na dume?"

"Biti ziko pale. Chagua mwenyewe."

"He! Nimekosa nini, mama?"

Agripina akafungua fundo la kitenge, akatoa kipande cha tofali chenye alama ya biti, akakiweka juu ya kaunta.

"Kiliangukia mto wangu."

"Mto? Wa wapi?" Emilian akakigeuza, mara mkono ukasimama. "Ile stoo? Aliniambia kuna mzigo!"

"Mzigo ndio mimi."

Kijana akashika wavu kwa vidole vyote. Kisha akainama kulitazama komeo linaloshika kufuli la mlango. Skrubu zake zilikuwa upande wa nje, upande wake. Akachomeka kichwa cha nyota kwenye drili, akasogeza kile kiswichi cha kuizungusha kinyume, ifungue skrubu. Kisha akangoja.

"Mbona hufungui?" aliuliza Agripina.

"Juzi nilitoboa bila kumuuliza aliye ndani. Sirudii. Sema wewe."

Hapo Loyce akafika na hotpoti la ugali, akasimama kama aliyemwona chatu. "Agripina! Shemeji yako atasemaje? Ukitoka hapo, kwangu usirudi!"

"Da Loyce, shikilia hicho chakula kisimwagike," Agripina alisema. Wauza vitunguu wa jirani walikuwa wamegeuza shingo zote, na safari hii hakuangalia chini.

"Fungua, Emilian," akasema, sauti ikavuka wavu mpaka barabarani. "Nakwenda kwa baba, Issuna. Na kama unanitaka, kwa sababu mimi nakutaka tangu zile ncha za buluu, washenga wako wanikute huko."