Bunduki Iliyotaka Mkono

Jua lilipokuwa likizama Kalunguta, Kyakimwa alijitwika kitunga cha mihogo, akateremka kwenda kuiloweka mtoni. Chini ya mihogo, ndani ya kikwembe, alikuwa ameficha bunduki ya mumewe, Sikuli.

Ilikuwa ya zamani, yenye wenzo wa kitanzi cha chuma chini ya kifyatuo: unausukuma chini kwa vidole, unaurudisha juu. Kla-klak. Sikuli aliikuta darini kwa marehemu babu yake. Risasi zake hazipatikani tena, hata mjini Butembo. Lakini tangu siku ile shamba lilimtoka moyoni. Kila jioni aliipakata, akiupapasa wenzo kama mtu anayekuna kidonda.

Juzi wenzo ulipolia mkononi mwake, jirani yao Melchior, aliyekuwa akipalilia maharagwe, alianguka akafa. Hakuwa na jeraha. Jana ukalia tena, akaanguka mke wa Melchior.

Mama mkwe, Kahongya, ndiye aliyemnong'oneza Kyakimwa:

"Mama Aurélie, utupe ile kitu mu mto. Lakini hapana kuichezesha, hata mara moja. Babu alikufa nayo mu mukono... tulimuvunja vidole juu ya kuitosha, ndipo ikatoka."

Mtoni hapakuwa na mtu. Vyura walikuwa wamenyamaza.

Alifunua kikwembe. Chuma kilikuwa na joto, kama paji la uso la mwenye homa. Kidole kimoja kikaingia ndani ya wenzo. Kisha cha pili... Ulimkaa sawasawa, kana kwamba ulifuliwa kwa kipimo cha kiganja chake.

"Hapana," alinong'ona. "Yezu, hapana..."

Kla-klak.

Lo, utamu ule! Ulimpanda kutoka mkononi hadi kisogoni. Bunduki haikuwa na risasi, lakini harufu ya baruti ilimjaa puani.

Kule juu, nyumbani, mtu akapiga ukelele.

Alikimbia. Binti yake Aurélie alikuwa amelala kando ya jiko, mwiko ungali mkononi. Hakuna damu. Kahongya alikuwa amempakata mjukuu wake, akimwita, akimwita.

Sikuli hakumtazama mtoto. Alitazama bunduki ambayo mkewe alikuwa amerudi nayo bila kujua. Akanyoosha mikono.

"Unipatie," alinong'ona. "Ni zamu yangu."

Kyakimwa alitaka kulia. Machozi hayakuja. Alirudi nyuma, akaikumbatia bunduki kifuani.

"Bado," alisema.

Kahongya aliinua kichwa. Aliviona vidole vya mkwewe vikishuka polepole kwenye wenzo. Hakukimbia. Alimfunika Aurélie uso kwa kitenge chake, akafumba macho, akangoja.